Uhuru wa Kusema Chuoni: Kahawa, 1965–1988

Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho jirani ya mtaa wa Kahawa Sukari, kilianzia katika kambi ya Templer, ambayo jeshi la Waingereza liliikabidhi serikali ya Kenya mwaka 1965. Majengo yakawa ya wanafunzi. Lakini uhuru wa kusema ndani yake haukuja pamoja na funguo. Mwaka 1980 chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu kilipigwa marufuku. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa wa Kahawa walikamatwa. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Alamin Mazrui, mwanaisimu na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Kwa wanazuoni wa lugha, tukio hilo lina funzo mahususi. Mashairi ambayo Mazrui aliyatunga kizuizini yamo katika diwani yake, Chembe cha Moyo (1988). Basi kauli iliyonyimwa ukumbi wa mihadhara iliwarejea wasomaji kwa njia ya ushairi. Leo ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kitaaluma. Historia ya Kahawa yaonyesha kwa nini ililazimu uandikwe.