Siku 21 Ndani ya Arobaini: Virusi vya Saitomegalo na Uziwi wa Utotoni

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, alibaini kwamba watoto wachanga aliokuwa akiwatibu mtoto wa jicho walizaliwa na mama waliougua rubela wakiwa wajawazito. Baadaye ikathibitika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa pia viziwi. Chanjo ya surua-rubela, iliyoanza kutolewa Tanzania 2014 na Kenya 2016, ni tunda la ugunduzi huo. Hata hivyo, uziwi unaoanzia tumboni haujaisha, kwa kuwa chanzo chake kikubwa zaidi kisicho cha kurithi hakina chanjo, na kliniki zetu hazikitafuti.

Chanzo hicho ni virusi vya saitomegalo. Huenea kwa mate na mkojo wa watoto wadogo. Mama anayemalizia uji wa mwanawe kwa kijiko kilekile anaweza kuvipata. Afrika Mashariki karibu kila mwanamke ameshaambukizwa kabla ya kushika mimba, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kinga yake inamtosha mtoto. Haimtoshi. Virusi vilivyolala mwilini huamka, au aina nyingine ya virusi hivyohivyo huingia, vikavuka kondo la nyuma.

Takriban watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa na maambukizi haya hawaonyeshi dalili yoyote. Hata hivyo, kiasi cha 1 kati ya 10 wa hao wasio na dalili hupoteza usikivu, na mara nyingi si siku ya kuzaliwa bali miezi au miaka baadaye. Kwa hiyo mashine ya kupima masikio wodini, hata ingekuwepo katika kila hospitali ya wilaya, ingewapitisha wengi wao kuwa wazima.

Kinachobaki ni kuvitafuta virusi vyenyewe, na muda ni mfupi. Sampuli isipochukuliwa ndani ya siku 21, haijulikani tena kama mtoto aliambukizwa tumboni au kwa maziwa ya mama. Ratiba yetu humpa mtoto BCG akizaliwa, kisha chanjo inayofuata ni wiki ya 6. Huku Pwani, siku ya 21 humkuta mama bado yumo ndani akihesabu arobaini ya uzazi. Kipimo hiki hakina budi kwenda pamoja na BCG. Muuguzi huzungusha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mtoto, angalau saa moja baada ya kunyonya, maana maziwa yanaweza kubeba virusi vya mama na kupotosha majibu. Virusi vikionekana, huthibitishwa kwa mkojo. Njia ya kusafirisha sampuli tunayo: ndiyo inayopeleka maabara matone ya damu kavu ya watoto wa mama wenye VVU.

Wapo watakaouliza faida ya kujua ikiwa dawa ni ghali. Valigansiklovia, inayotolewa kwa miezi 6, huwasaidia baadhi ya watoto wenye dalili, lakini hushusha chembe nyeupe za damu. Sidai kila mtoto apewe. Ninachodai ni alama kwenye kadi ya kliniki, ili masikio yapimwe miezi 9 na 18, siku za chanjo ya surua-rubela, kisha kila mwaka hadi shule. Usikivu ukianza kupungua, mtoto apate kifaa cha masikio au Lugha ya Alama ubongo wake ungali ukijenga lugha. Leo wengi hufika darasa la kwanza wakiitwa wakaidi, na mwalimu ndiye wa kwanza kushuku kwamba hawasikii.