Walijua majina yetu: madai ya uongo Kasongo na Kabambare, toka Tippu Tip mpaka simu ya mkononi



Mama mmoja aliyekimbia Salamabila na watoto wake alifika kwenye redio yetu hapa Kasongo, simu mkononi, akitetemeka. Asubuhi ile mwanaume alikuwa amempigia. Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoita mama wa watu huku kwetu. Alijua jina la marehemu bwana yake. Alijua kijiji. Akasema marehemu aliacha deni la dola 150, kwamba yeye anafanya kazi ya kulipisha madeni, na kwamba kama pesa haijaingia kwa M-Pesa mbele ya saa sita, polisi watakuja kumchukua kijana wake mkubwa. Mama alikuwa amekwisha kutuma faranga 20,000. Alikuja kwetu kwa sababu yule mtu alipiga tena na kutaka zingine.

Nilimuuliza: "Mama, ulijuaje kwamba deni ni la kweli?" Akanijibu: "Alijua majina yote."

Jibu hilo lilinikumbusha habari ya zamani ambayo wengi wetu tulisikia kidogo shuleni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Humo anasimulia namna alivyopata utawala wa Utetera, magharibi ya mto Lomami, mwanzoni mwa miaka ya 1870, mbele ya kuja kukaa huku Kasongo. Alikuwa bado Urua aliposikia habari za mtawala mzee wa Utetera aliyeitwa Kasongo Rushie. (Jina lisikuchanganye, huyo ni mtu, si mji wetu.) Mzee huyo alikuwa na dada zake waliotekwa katika vita zamani sana, wakapelekwa mbali, wasirudi tena. Huzuni ile ilikuwa ya ukoo mzima, na watu wa njiani waliijua.

Tippu Tip aliisikiliza vizuri. Kisha akajiingiza ndani yake. Alisema kwamba mmoja wa wale dada ndiye bibi yake, kwamba yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Alitaja majina kama yalivyo. Mzee akafurahi mpaka akamwachia utawala, na pamoja na utawala pembe za ndovu na watu. Hakuna aliyepigana siku hiyo kumzuia mgeni. Walifungua mlango wenyewe, kwa sababu aliyebisha hodi alijua jina la aliyepotea.

Mimi nikiisoma habari ile sicheki wale wazee wa Utetera. Wangeuliza nani? Walioweza kushuhudia walikuwa wamekufa au wako mbali. Familia iliyotawanyika ina tundu katika kumbukumbu yake, na mjanja anapita hapo. Leo familia zetu zimetawanyika vilevile. Bwana alifia barabarani, kaka yuko machimboni, karatasi zimeungua pamoja na nyumba. Mtu akisema "marehemu alikopa kwangu", nani atakayebisha?

Na majina wanayapata wapi? Hapa nianze na sisi wenyewe. Kwa muda mrefu redio yetu ilisoma matangazo ya vifo na ya watu wanaotafutana: jina la marehemu, majina ya watoto, kijiji walikotoka, mahali walipofikia, na mwisho namba ya simu. Tulifanya kwa moyo mzuri, na watu wengi walionana kwa njia hiyo. Lakini kila aliye na redio alisikia, mwema na mwizi. Kuna pia orodha za misaada zinazopita mikono mingi, daftari la kabine ambako unaandika jina na namba ukitoa pesa, na mazungumzo ya kilioni. Kwa hiyo mtu akikutajia majina ya watu wako, amekuonyesha tu kwamba anajua kusikiliza. Deni bado hajaonyesha.

Sasa tuangalie dai lingine la zamani, maana si kila anayedai ni mwongo, na ni vema kuona dai la wazi linavyotembea. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanya mapatano na Stanley kule Zanzibar. Mojawapo ya mambo waliyozungumza ni wabebaji 600 kwa ajili ya safari ya kumtafuta Emin Pasha. Wabebaji walichelewa, na waliofika hawakutimia hesabu. Safari iliharibika vibaya. Stanley alipofika Zanzibar mwishoni mwa 1889 alimshitaki mbele ya tribunali ya konsoli wa Uingereza, akidai pauni 10,000.

Tazama dai lile lilivyokuwa. Lilikuwa na mapatano yaliyojulikana, hesabu, tribunali yenye mahali pake, na mshitakiwa aliitwa aje ajibu. Barua ilimkuta huku ndani ya Kongo. Alishika njia mwaka 1890, akaumwa sana njiani, akafika Zanzibar Julai 1891. Kesi ikafutwa bila yeye kuhukumiwa. Hakurudi tena Maniema. Alifia Zanzibar mwaka 1905. Tajiri kama yule, mwenye bunduki na misafara, alidaiwa na mtu mwenye nguvu ya Ulaya nyuma yake, akapata zaidi ya mwaka mzima wa kwenda kujibu. Mama wa Salamabila alipewa mpaka saa sita.

Mji wa Kasongo ulianguka mikononi mwa askari wa Dhanis mwezi wa Aprili 1893, na kutoka hapo waliodai walikuwa watu wa serikali. Kwanza mpira na kazi ya nguvu. Ubelgiji ilipochukua nchi mwaka 1908, kodi ikageuka polepole kuwa ya pesa. Mateso ya kodi ile sihitaji kuyasimulia, wazee wenu waliwasimulia. Ila kuna kitu kidogo: aliyelipa alipewa kipande cha chuma chenye tundu, akakivaa shingoni, na baadaye malipo yakaandikwa katika kitabu chake. Mlipishaji akija mara ya pili, unamwonyesha. Hata utawala ule mkali ulikuachia ushahidi mkononi. Anayekulipisha kwa simu hakuachii kitu. Ukituma mchana, jioni anapiga mwingine, au yeye yule na sauti nyingine.

Simu nayo imetuzoeza kukatwa. Toka mwaka 2012 pesa inatembea kwa M-Pesa na wenzake, jambo lililosaidia sana watu wa Kabambare wasibebe pesa barabarani. Halafu mwaka 2020 ikaja RAM, ile kodi ya simu iliyojikata yenyewe kwenye yunite zetu, dola 7 kwa simu kubwa, mpaka ikaondolewa mwaka 2022 baada ya raia kupiga kelele. Ile ilikuwa amri ya serikali, tuipende tusiipende. Lakini nadhani ilituachia tabia mbaya ya kuamini kwamba kila sauti ya simu inayotaka pesa ina haki nayo.

Sasa, simu ikilia na mtu akasema una deni, usianze kujitetea. Muulize: deni la pesa ngapi, lilichukuliwa siku gani, wapi, mbele ya nani, na karatasi iko wapi? Kisha nyamaza. Usimwongezee jina wala mahali, maana mengi wanayojua tunawapa wenyewe katika dakika ile ya woga. Mwambie alete karatasi kwa chifu wa mtaa au kwa msimamizi wa site, mbele ya mashahidi. Mdai wa kweli atakuja, au atatuma mtu. Deni la AVEC linajulikana na kikundi kizima na limeandikwa. Nenda kwa mama mwenye daftari. Deni la yunite ulizokopa kwa mtandao linakatwa lenyewe ukiweka yunite mpya. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akisema anakulipia wewe. Na ujumbe ukisema pesa imeingia kwa makosa uirudishe, angalia kwanza salio lako mwenyewe.

Juu ya kutishiwa polisi, najua kwa nini kunatuogopesha. Huku kwetu kuna watu waliolala kasho kwa deni. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema hakuna anayekamatwa kwa kosa la mtu mwingine, kwa hiyo mtoto hafungwi kwa deni la baba. Kongo pia imekubali toka 1976 mapatano ya kimataifa yanayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa alichoahidi. Na polisi wa kweli hawatumiwi pesa kwa namba ya mtu. Andika namba iliyokupigia, saa na maneno, upeleke pamoja na shahidi. Na kama ulikwisha kutuma, kimbia kwa mtandao wako siku hiyohiyo mbele pesa haijatolewa.

Yule mama alikaa nasi studio mpaka simu ikalia tena. Tuliweka sauti juu. Alimwuliza yule mtu: "Bwana yangu alikopa mbele ya nani?" Kukawa kimya. Mwanaume akasema atapiga baadaye, akakata. Zile faranga 20,000 hazikurudi.

Kutoka wiki ile hatusomi tena namba za simu hewani. Anayetafuta ndugu tunasoma jina lake na kijiji tu, na aliyesikia anakuja mlangoni kwetu kuuliza. Kazi imekuwa ndefu, na watu wa mbali wanalalamika, na wana haki.