Filamu za Utamaduni Zisizolenga Faida: Ridhaa ya Jamii Kwanza

Filamu ya hali halisi kuhusu sanaa na utamaduni huhifadhi kwa sauti na picha kazi za wasanii, mazingira yao na maelezo yao wenyewe. Inapotayarishwa bila kulenga faida, gharama hulipwa kwa ruzuku na michango ya wafadhili, na fedha zinazosalia hurudishwa katika kazi hiyo badala ya kugawanywa.

Nchini Kenya, mfano unaofahamika ni shirika la Ketebul Music la Nairobi, lililoanzishwa na Tabu Osusa. Mwaka 2008, kwa ufadhili wa Wakfu wa Ford, shirika hilo lilitoa "Retracing the Benga Rhythm", mkusanyiko wa filamu, nyimbo na kijitabu unaofuatilia chimbuko la benga, muziki wa gitaa uliokopa mapigo ya nyatiti ya Waluo. Miaka miwili kabla ya hapo, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Tanganyika aliyeitwa Mfalme wa Benga, alikuwa amefariki katika ajali ya barabarani. Msanii mkongwe anapoaga dunia kabla ya kurekodiwa, maarifa yake huzikwa pamoja naye.

Haja ya kuharakisha haiko katika benga pekee. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya jamii za Isukha na Idakho, magharibi mwa Kenya, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Hata hivyo, haraka hiyo haiondoi haki za wenye urithi. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inatambua haki ya jamii kutoa ridhaa kabla urithi wake haujatumiwa nje ya mazingira ya kimila. Kutolenga faida, peke yake, si kibali. Aidha, upigaji wa filamu za kuonyeshwa hadharani huhitaji leseni.

Kwa hiyo, kabla ya kamera kuwashwa, mtayarishaji anapaswa kukutana na wazee na wasanii na kuwaeleza, kwa lugha wanayoielewa, filamu itaonyeshwa wapi na nani atakayeimiliki. Ridhaa ya kiongozi wa kikundi haichukui nafasi ya ridhaa ya mwimbaji au mpiga ala anayerekodiwa. Sehemu za tambiko ambazo jamii haitaki zionekane ziachwe nje. Makubaliano yaandikwe, yakitaja pia mgao iwapo filamu itaingiza mapato baadaye.

Kazi inapokamilika, majina ya wasanii yaorodheshwe, filamu ionyeshwe kwanza kwao, na nakala ibaki katika shule, maktaba au kituo cha utamaduni cha eneo hilo. Filamu inayohifadhiwa ng'ambo pekee haiwezi kumfundisha ngoma kijana wa kijiji ilikorekodiwa.