Midia anuwai katika mafunzo ya walimu wa kusoma

Midia anuwai katika mafunzo ya walimu wa kusoma ni matumizi ya video, sauti, picha na programu za kompyuta kuwaandaa wanachuo wa ualimu kufundisha stadi za awali: utambuzi wa sauti, uhusiano wa herufi na sauti, ufasaha, msamiati na ufahamu.

Mizizi yake imo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako Dwight Allen na wenzake, miaka ya 1960, waliwarekodi wanachuo wakifundisha vipindi vifupi, kisha wanachuo hao wakajitazama na kurekebishwa.

Katika Kiswahili, rekodi humsaidia mwanachuo kusikia mtoto anapochanganya sauti ya mwanzo ya *ng'ombe* na ya *ngoma*. Video husimamishwa na kurudiwa hadi kosa lijulikane, kisha wanachuo hujadili namna ya kulisahihisha bila kumvunja mtoto moyo.

Nchini Kenya, mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, uliosambazwa kitaifa mwaka 2015, uliwapa maafisa wa elimu vishikwambi vya kufuatilia na kuwashauri walimu walio kazini.

Hata hivyo, video haichukui nafasi ya mazoezi ya kufundisha darasani. Penye uhaba wa intaneti, rekodi huhifadhiwa kwenye kadi za kumbukumbu.