Pikipiki Chakavu Katika Miteremko ya Mgeta

Historia ya pikipiki katika tarafa ya Mgeta, iliyo upande wa magharibi wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, haitenganishwi na historia ya mzigo, kwa kuwa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vinavyolimwa huko Nyandira na Tchenzema sharti vishuke hadi barabarani, na kwa miaka mingi vilishuka vichwani mwa watu, hasa wanawake, kwa vijia ambavyo gari halipiti. Barabara yenyewe, inayoachana na ile ya Iringa na kupanda kupitia Mlali, ilivifikia vijiji vichache tu.

Pikipiki za mwanzo hazikuwa za mkulima. Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipokuwa haba, chombo hicho kilikuwa cha mapadri, mabwana shamba, yaani maofisa ugani wa kilimo, na watumishi wengine wa taasisi, na kama kilimfikia mwananchi wa kawaida, kilimfikia kikiwa kimechoka, baada ya kuuzwa mnadani.

Mambo yaligeuka katika muongo wa kwanza wa karne hii, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, kama Sanlg, T-Better na Boxer ya Bajaj, zilipoenea nchini, na usafiri wa bodaboda, ambao jina lake lilizaliwa kwa waendesha baiskeli wa mpaka wa Kenya na Uganda, ukatambuliwa rasmi Tanzania kwa kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010. Wenye mitaji walinunua pikipiki mpya na kuwakabidhi vijana kwa hesabu, yaani malipo ya kila siku kwa mwenye chombo, au kwa mkataba, ambapo kijana hulipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yake. Hata hivyo, mkataba ulipokwisha, pikipiki nayo mara nyingi ilikuwa imekwisha, na hapo ndipo soko la pikipiki chakavu lilipopata bidhaa zake, na mwanafunzi wa udereva asiye na mtaji akapata mlango.

Kwamba chombo kilichochoka namna hiyo kinaweza kufufuliwa katika gereji ya chini ya mti ni jambo lenye asili ya mbali. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni machache, na injini yake hufungua vali kwa fimbo za chuma badala ya cheni ya ndani inayolegea na kudai marekebisho. Viwanda vya China viliiga muundo huo kwa wingi, na kwa sababu hiyo pistoni, ringi na kabureta za chapa moja mara nyingi huingia katika nyingine. Bila usahili huo, ambao unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, spea zisingepatikana kwa urahisi wala fundi asingejifunza kwa kutazama.

Mlima, lakini, una masharti yake. Moshi wa bluu, dalili ya ringi zilizolika, humtisha mnunuzi kuliko inavyostahili, kwani bloku huchongwa na kuwekwa pistoni kubwa kidogo. Hatari zaidi kwa anayeanza ni fremu iliyopasuka na kuchomelewa baada ya miaka ya kufungiwa magunia kwenye keria, na breki zilizomalizwa na mteremko mrefu, ambapo dereva mgeni hushuka kwa breki tupu badala ya kuiacha injini katika gia ndogo izuie mwendo. Rangi na kiti husubiri. Kisichosubiri ni kadi, hati ya usajili ambayo namba zake za injini na za fremu lazima zilingane na zile zilizochongwa kwenye chuma, kwa sababu pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wanne bila jina kubadilishwa huendelea kuhesabiwa kisheria kuwa mali ya yule wa kwanza.