Sauti ya Pesambili

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na fonografu miongoni mwa mizigo yake, akaelekea bara hadi uwanda wa Makonde. Aliowakusudia ni Wayao, Wamakua na Wamakonde. Lakini mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi wa Kinyamwezi, watu waliokuwa mbali na kwao kama yeye alivyokuwa mbali na kwake, na hao nao walikuwa waimbaji. Mnyampara wao ametajwa katika kitabu alichokichapa Weule mwaka 1908, na jina lake ni Pesambili.

Hilo ni jina la sarafu. Rupia moja ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64, mpaka mwaka 1904 ilipogeuzwa kuwa na heller 100. Pesa mbili basi ni sehemu moja ya thelathini na mbili ya rupia. Ametuingilia katika maandishi kwa bei, si kwa ukoo wala kwa kijiji. Hata hivyo ni mwenye bahati, kwani maelfu ya wenziwe walioimba njia nzima kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo hawakuachiwa hata jina la namna hiyo.

Mwanafunzi anayetaka shahada ya uzamili ya muziki kwa njia ya utafiti, na akaichagua Bukene kuwa uwanja wake, hana budi kuanzia hapa. Shahada ya aina hii si ya kukaa darasani na kujibu mitihani peke yake, wala si ya kupiga ala mbele ya majaji. Mwanafunzi huandika pendekezo, hupewa msimamizi, hutafuta kibali cha utafiti, huenda na barua yake mkoani, wilayani na kijijini, hukaa na watu, hunasa sauti, huziandika, huzifasiri, kisha hutetea tasnifu yake mbele ya wanaomzidi ujuzi. Mambo hayo yote yana utaratibu wake na hayahitaji maelezo marefu. Ugumu uko katika swali ambalo pendekezo halilijibu: wimbo ni wa nani?

Bukene ipo katika Wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora, kwenye reli iendayo Isaka na Mwanza. Kabla ya reli ilikuwapo njia ya miguu. Mwezi wa Julai 1858 Speke alimwacha Burton akiuguza maradhi yake Kazeh, akaipita nchi hii kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa. Hakuigundua njia, aliongozwa na watu walioijua. Msafara ulikuwa na kirangozi wake aliyetangulia mbele, na mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili au karibu yake. Kutoka Unyanyembe hadi pwani ilikuwa miezi mitatu hivi. Katika mwendo wa namna hiyo wimbo haukuwa pambo. Mmoja alitoa, kundi likapokea, na hatua zikalingana. Aliyechoka alibebwa na sauti za wenziwe pale miguu yake ilipokataa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928. Mtu angedhani kuwa nyimbo zilikufa siku ile mizigo ilipopandishwa behewani. Hazikufa. Frank Gunderson, Mmarekani aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1999 na kisha, mwaka 2010, kitabu kikubwa chenye zaidi ya nyimbo mia tatu za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi nyimbo za wawindaji na za wapagazi zilivyoingia mashambani, mzigo ukageuka jembe. Wasukuma na Wanyamwezi ni majirani wa lugha na wa damu, na mipaka kati yao kwa upande wa Nzega haikuwahi kuwa ukuta. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bukene hatafuti mabaki ya kale yaliyozikwa. Anatafuta sauti zilizobadili kazi.

Baadhi ya sauti hizo zilirudi pwani kwa gitaa. Western Jazz iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 ilikuwa na mwasisi wake, Iddi Nhende, aliyetoka Nzega, na jina la bendi lakumbusha Jimbo la Magharibi ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Waliocheza muziki ule hawakujiuliza kama mdundo ulipanda treni wapi.

Tuwarudie wataalamu wa mwanzo. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, msimamizi wa hazina ya sauti ya Berlin, alichapa katika jarida la Anthropos uchambuzi mrefu wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu. Hakupata kufika Unyamwezi. Alizisikiliza silinda za nta, akapima sauti kwa sauti, akaziandika kwa nota. Kazi yake ni ya heshima, na bila ya yeye tungekuwa maskini zaidi. Lakini Kinyamwezi ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kutenga neno na neno. Mwenye kupima lahani bila ya kuijua lugha hawezi kujua ni wapi mwimbaji alikuwa akilifuata neno na ni wapi aliliacha kwa makusudi. Mwaka 1950 Hugh Tracey naye alizunguka Tanganyika na mashine bora zaidi, na alichokinasa kimehifadhiwa Afrika ya Kusini. Basi sauti za Unyamwezi ziko Berlin na ziko Afrika ya Kusini, zimetunzwa vizuri, na mwana wa Bukene akizitaka hana budi kuandika barua.

Si kwamba wageni peke yao ndio wenye lawama. Pwani nayo ina deni. Kwa muda mrefu mtu wa pwani aliupima ushairi kwa vina na mizani, na kisichokuwa na vina akakiita kelele za wapagazi. Walipita mbele ya milango yetu wakiimba, wengine wakavuka bahari hadi Unguja kuchuma karafuu na wakabaki, wala hatukuwauliza maana ya walichokiimba. Ilhali neno manju, tulilozoea kumwitia fundi wa kutunga na kuongoza ngoma, lina wenyewe huko bara. Tumelichukua jina la kazi tukamwacha mfanyakazi.

Kwa jirani zao Wagogo, ambao nchi yao wapagazi hawakuwa na budi kuipita, mambo yameanza kwenda njia nyengine. Kedmon Mapana, Mgogo wa Chamwino, alichapa mwaka 2007 makala kuhusu mabadiliko ya muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wa kwao, na baadaye akatafiti jinsi watoto wa Kigogo wanavyojifunza muziki. Anaposema kuwa jambo limebadilika, anasema mtu aliyelisikia kabla halijabadilika. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa mashine, hata iwe nzuri vipi.

Anayekwenda Bukene, awe mzaliwa au mgeni, anaweza kuanza na jambo dogo. Achukue nota za 1909 pamoja na maneno yaliyoandikwa kwa masikio ya Kijerumani, akae na wazee, wayasome kwa sauti mpaka maneno yarudi kuwa Kinyamwezi. Kila mwenye kuimba aandikwe jina lake analolitaka mwenyewe, na jina la aliyemfundisha, na la aliyemfundisha huyo, kadiri kumbukumbu inavyofika. Tasnifu ikikamilika, nakala moja itakwenda maktaba ya chuo, kama sheria inavyotaka. Nakala ya pili, pamoja na sauti zake, ipande njia ile ile ya zamani ishushwe Bukene, na apewe manju aliyehojiwa kwanza.