Neno lililovunjika: Toyota kati ya 1950 na 1960

Mwishoni mwa mwaka 1949 Kiichiro Toyoda alikubaliana na chama cha wafanyakazi wake: mishahara itakatwa asilimia 10, lakini hakuna atakayepoteza kazi. Nusu mwaka haikupita, neno hilo likavunjika. Uongozi ulitaka watu 1,600 wakubali kuacha kazi. Mgomo ulioanza Aprili 1950 ulifika Juni, na malori yakawa hayatoki kiwandani. Kiichiro, mwanzilishi wa kampuni na mtoto wa Sakichi Toyoda, mvumbuzi maarufu wa mashine za kufuma nguo, akaona hawezi kuwatoa watu kazini halafu yeye abaki kwenye kiti. Akajiuzulu, na mgomo ukaisha.

Kampuni ilikuwa na umri wa miaka 13 tu. Makao yake yalikuwa Koromo, mji mdogo wa mkoa wa Aichi, katika nchi iliyoshindwa vita na iliyokuwa ikitawaliwa na jeshi la Marekani. Kilichoiangusha ni dawa ya uchumi. Mwaka 1949 Joseph Dodge, mwenye benki kutoka Detroit, aliibana serikali ya Japani isitumie kuliko inavyokusanya, ili mfumuko wa bei ufe. Mfumuko ulikufa kweli, lakini na fedha mifukoni mwa watu zikakauka. Waliochukua malori kwa mkopo wakashindwa kulipa. Hisato Ichimada, gavana wa Benki Kuu ya Japani, hakuona hata sababu ya nchi yake kuhangaika na magari ilhali Wamarekani wanayo tele. Hata hivyo, tawi la Nagoya la benki hiyohiyo ndilo lililokusanya mabenki yaliyoiokoa Toyota. Sharti mojawapo lilikuwa kutenga mauzo, na Aprili 1950 ikazaliwa kampuni ya pili ya kuuza magari chini ya Shotaro Kamiya, aliyekuwa amejifunza biashara hiyo General Motors.

Kabla Juni haijaisha, tarehe 25, vita vikazuka Korea. Jeshi la Marekani lilihitaji malori karibu na uwanja wa mapigano, na Julai likaagiza 1,000 kwa mkupuo. Maagizo yaliyofuata yalifikisha jumla 4,679, kwa kampuni ambayo mwaka mzima ilitengeneza magari zaidi kidogo ya 11,000. Simulizi nyingi za mafanikio ya Toyota hulipita jambo hili mbiombio, zikimbilie ubunifu na nidhamu. Mimi naona ni haki lisemwe wazi: damu iliyomwagika Korea ndiyo iliyolipa madeni ya Koromo. Walioachishwa kazi wiki chache kabla hawakuwepo kuonja nafuu hiyo.

Mwezi huohuo wa Julai, Eiji Toyoda, binamu yake Kiichiro, alikwenda Marekani na kukaa wiki kadhaa katika viwanda vya Ford huko Dearborn. Ford ilikuwa ikitoa magari 8,000 kwa siku. Toyota ilitoa 40. Mazungumzo ya kushirikiana na Ford yalikwama kwa sababu ya vita. Eiji akarudi na kitu kidogo, ambacho Toyota ilikianzisha mwaka 1951: utaratibu wa kumpa kila mfanyakazi nafasi ya kuandika pendekezo la kuboresha kazi yake, na pendekezo likifaa apewe zawadi.

Lakini kilichobadilisha kiwanda kutoka ndani kilianzia kwenye karakana ya kuchongea vyuma vya injini, kwa msimamizi aliyeitwa Taiichi Ohno. Shida yake ilikuwa ya kila mwenye mtaji mdogo. Vipuri vilichelewa mwanzoni mwa mwezi, watu wakakaa bila kazi. Siku za mwisho vikaja kwa pamoja, wakaunganisha magari usiku na mchana. Kurundika vipuri bohari nzima, kama walivyofanya Wamarekani, kungehitaji fedha ambazo hazikuwepo. Ohno aliwahi kusikia juu ya supamaketi za Marekani, ambako mteja huchukua rafuni anachohitaji, na mwenye duka hujaza pale palipopungua. Akaligeuza wazo hilo kuwa utaratibu wa kiwanda. Anayehitaji kipuri ndiye anayekifuata kule kinakotengenezwa, na kadi inayoambatana na kipuri inarudi kusema: tengeneza kingine, idadi hii, usizidishe. Kadi hiyo Wajapani waliiita kanban.

Jambo la pili alilirithi kwa mzee Sakichi. Mashine ya kufuma ya Toyoda ilikuwa ikijisimamisha yenyewe uzi ukikatika, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi bila kuharibu kitambaa. Ohno alitaka mashine za kuchonga chuma ziende hivyohivyo, na fundi mmoja ashike mbili, tatu, hata nne. Mafundi walichukia. Kila mmoja alikuwa bingwa wa mashine yake, na kumbukumbu ya Juni 1950 ilikuwa bado mbichi. Ilichukua miaka mingi kuueneza mtindo huo kiwanda kizima. Leo unafundishwa vyuoni duniani kote kama hekima, na ni hekima; lakini ulianza kama njia ya mtu asiye na fedha za kujaza bohari.

Kiichiro hakuyaona matunda yake. Taizo Ishida, mbahili hodari aliyeshika urais baada yake, alikuwa amemwomba arudi. Machi 1952 Kiichiro akafariki, na umri wake ulikuwa miaka 57. Ndoto yake ya gari dogo la Kijapani aliiacha mikononi mwa mhandisi Nakamura Kenya (naam, ndilo jina lake). Wakati Nissan ikitengeneza Austin kwa leseni ya Waingereza na Hino ikitengeneza Renault, Nakamura na wenzake walichora gari lao wenyewe. Likazinduliwa Januari 1955 kwa jina la Crown: injini ya lita 1.5, nguvu za farasi 48, na springi za mbele zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu. Madereva wa teksi wakalipenda. Kamiya, aliyetaka wateja wa kesho, mwaka 1957 akafungua shule ya udereva.

Mwaka huohuo Toyota ikajiona tayari kwa Marekani, ikafungua kampuni ya mauzo California. Gari lililosifiwa Tokyo likaumbuka. Kwenye barabara kuu, ambako kila mtu alikwenda kasi saa nzima bila kupumzika, Crown lilikosa nguvu, likachemsha, likatetemeka. Mwaka 1958 yaliuzwa magari 288 tu. Nyumbani mambo yalikuwa kinyume: mwaka 1959 Koromo ulibadilishwa jina ukawa mji wa Toyota, na Agosti Ishida akafungua Motomachi, kiwanda cha magari madogo peke yake, chenye uwezo wa kutoa 5,000 kwa mwezi. Mwaka 1960 kampuni ilivuka magari 150,000.

Desemba ya mwaka huo Crown likaondolewa Marekani. Mawakala wakabaki na gari lisilotarajiwa. Lilianza Januari 1951 kama jaribio la kijeshi, injini ya lori iliyotiwa kwenye umbo la Jeep, na Julai dereva Ichiro Taira akalipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita mbele ya polisi. Polisi wakaagiza. Kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe, mwaka 1954 mkurugenzi Hanji Umehara akalipa jipya ambalo halingeonekana dogo mbele ya Land Rover ya Waingereza: Land Cruiser. Toleo la 40 lilitoka 1960, na Japani ililitengeneza hadi 1984, lilipopokewa na toleo la 70, ambalo Tanzania tunaliita mkonga.